Kwa nini gobore ni refu? Baruti, mkataba wa 1890 na uwindaji katika nyanda za juu za Kigoma

Chukua bunduki tatu, uzilaze sambamba mezani. Ya kwanza ni gobore, lile la kushindilia baruti kwa mdomoni. Kasiba yake (wengi tunaita mtutu) mara nyingi inakaribia mita moja, na wakati mwingine inaipita. Ya pili ni Mauser ya Kijerumani ya mwaka 1898, yenye kasiba ya sentimita 74. Ya tatu ni ile ambayo taarifa za polisi wetu huiita SMG, yaani AK-47. Kasiba yake ni sentimita 41 na nusu tu, fupi kuliko mkono wa mtu mzima.

Sasa muulize mtu ambaye hajawahi kushika bunduki: ipi inarusha risasi kwa kasi zaidi? Wengi watanyooshea kidole gobore. Si ndiyo refu? Kumbe ni kinyume. Mauser inatoa risasi kwa karibu mita 880 kwa sekunde. SMG inatoa kwa karibu mita 715. Gobore lililoshindiliwa vizuri linacheza kwenye mita 300 hadi 400, na mengi hayafiki hapo.

Kwa hiyo tuna maswali mawili. La kwanza ni la fizikia: urefu wa kasiba unafanya nini hasa kwa risasi? La pili ni la historia. Bunduki fupi na za kasi zilishakuwepo tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kwa nini basi huku Buha, kwenye vijiji vya nyanda za juu kama Nyakitonto kati ya Kasulu na Kibondo, bunduki ya mwindaji wa kijijini ikabaki gobore? Jibu la haraka ambalo wengi hulitoa ni kwamba babu zetu hawakujua kitu bora. Jibu hilo si sahihi. Jibu lenyewe lina tarehe: 2 Julai 1890.

Tuanze na fizikia, maana bila hiyo historia haieleweki.

Ndani ya kasiba kuna nini?

Bunduki ni injini, kama ile ya bodaboda. Kuna chumba, kuna kitu kinachoungua, kuna gesi inayotanuka na kuna kitu kinachosukumwa. Tofauti ni kwamba pistoni ya pikipiki inarudi ilikotoka. Pistoni ya bunduki hairudi, kwa sababu ndiyo risasi yenyewe.

Baruti ikiwaka, inageuka gesi ya moto sana iliyobanwa nyuma ya risasi. Gesi inasukuma, risasi inasogea. Kadiri risasi inavyosogea, nafasi ya gesi inaongezeka na mgandamizo wake unashuka. Muda wote risasi ikiwa ndani ya kasiba inaendelea kusukumwa. Ikishatoka mdomoni, gesi inasambaa hewani na kazi imekwisha. Yote haya yanatokea kwa milisekunde chache tu, kabla hata jicho lako halijapepesa.

Kwa fizikia ya sekondari: kazi ni kani mara umbali. Umbali hapa ni urefu wa kasiba ambao risasi inasafiri ikisukumwa. Kwa hiyo ndiyo, kasiba ndefu inaongeza kasi. Wazee hawakuwa wanaota.

Shida ni kwamba kani haibaki ile ile. Inaanza kubwa mno, kisha inaporomoka. Sentimita kumi za mwanzo zinafanya kazi kubwa kuliko sentimita kumi za mwisho. Ni kama kumsukuma mtu aliyekaa kwenye baiskeli huku wewe unaishiwa pumzi: hatua tano za kwanza zinamtoa pale alipo, hatua ya hamsini unamgusa tu mgongo.

Hesabu ya 1742

Mtu wa kwanza kuliweka jambo hili kwenye hesabu inayoeleweka alikuwa Mwingereza Benjamin Robins, katika kitabu chake cha mwaka 1742 kuhusu kanuni mpya za mizinga na bunduki. Robins alitumia chombo rahisi cha ajabu: gogo zito lililoning'inizwa kama bembea. Unalipiga risasi, gogo linayumba. Ukipima limeyumba kiasi gani, na ukijua uzito wa gogo na wa risasi, unaweza kukokotoa risasi ilikuwa na kasi gani. Hakuna saa wala umeme, ni gogo na kamba.

Robins alichukulia kwamba baruti yote inageuka gesi mara moja, na kwamba gesi ikipata nafasi mara mbili, mgandamizo unashuka nusu. Ni kurahisisha mambo, lakini picha inayotoka ni nzuri. Hebu tuifuate. Tuseme baruti imejaza sentimita 5 za mwanzo za kasiba, na kwa kasiba ya sentimita 50 risasi inatoka kwa mita 300 kwa sekunde. Tukirefusha kasiba bila kuongeza baruti tunapata hivi:

- sentimita 50: mita 300 kwa sekunde
- sentimita 100: mita 342 kwa sekunde
- sentimita 150: mita 365 kwa sekunde
- sentimita 200: mita 380 kwa sekunde

Umeona? Nusu mita ya kwanza uliyoongeza imekupa mita 42 kwa sekunde. Nusu mita ya pili imekupa 23. Ya tatu imekupa 15, na sasa umebeba bomba la mita mbili ambalo huwezi kupita nalo kichakani. Na hapo hatujahesabu msuguano wa risasi na kuta za kasiba, wala gesi inayovuja pembeni kwa sababu risasi ya gobore huwa ndogo kidogo kuliko tundu ili iweze kushindiliwa. Ukihesabu hayo, faida inaisha mapema zaidi. Kwenye bunduki ndogo ya .22, ambayo baruti yake ni kidogo sana, ukivuka sentimita 40 hadi 50 za kasiba risasi inaanza kupoteza kasi. Gesi imeishiwa nguvu, msuguano haujaisha.

Majeshi yaligundua jambo hilo kwa vitendo. Gobore maarufu la jeshi la Uingereza katika karne ya 18 lilianza na kasiba ya sentimita 117, likakatwa likawa 107, na mwishoni mwa karne likawa 99. Liliendelea kupigana vita zile zile.

Kuna sababu nyingine za kutaka kasiba ndefu ambazo hazihusu kasi. Umbali kati ya alama ya kulengea ya nyuma na ya mbele ukiwa mkubwa, jicho linalenga vizuri zaidi. Na askari waliopigana kwa singe walitaka kitu kinachofika mbali kama mkuki. Lakini ukiambiwa gobore refu ni refu ili "liue zaidi", sasa unajua kwamba maelezo hayo yana ukweli mdogo.

Baruti ilipobadilika, kasiba ikafupika

Baruti ya zamani, ile nyeusi, ni mchanganyiko wa shura, mkaa na kiberiti. Ina kasoro moja kubwa: zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Inabaki yabisi. Sehemu inatoka kama moshi mzito mweupe, sehemu inaganda ndani ya kasiba kama masizi ya chungu. Yaani zaidi ya nusu ya ulichoshindilia hakisukumi chochote.

Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likaingiza bunduki ya Lebel iliyoitumia. Baruti hii karibu yote inakuwa gesi. Gramu kwa gramu inabeba nguvu nyingi zaidi, na mafundi waliweza kuifanya iungue kwa mpangilio, isilipuke yote kwa mpigo.

Linganisha bunduki mbili za kiwanda kimoja cha Mauser. Ile ya 1871 ilitumia baruti nyeusi. Kasiba yake ilikuwa karibu sentimita 85, na ilirusha risasi ya gramu 25 kwa karibu mita 430 kwa sekunde. Ile ya 1898, kwa risasi ya ncha kali ya mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa na kasiba ya sentimita 74, risasi ya gramu 10 hivi na kasi ya mita 880. Kasiba imepungua sentimita 11, kasi imekuwa maradufu. Ni kweli risasi imepungua uzito, lakini hata ukipima nishati mwendo, imepanda kutoka jouli 2,300 hivi hadi 3,800.

Kwa bunduki za baruti hii mpya, wapimaji wanakadiria kwamba kila sentimita mbili na nusu za kasiba unazokata unapoteza kati ya mita 6 na 15 kwa sekunde. Inaonekana, inapimika, lakini haibadilishi bunduki kuwa kitu kingine. Kinachobadilisha bunduki ni baruti, umbo la risasi na chuma kinachostahimili mgandamizo. Ndani ya Mauser ya 1898 mgandamizo unapita mara 3,000 ya ule wa hewa tunayovuta. Tairi la gari dogo lina mara mbili au tatu.

Kwa hiyo ukiona kasiba ndefu sana, usisome "nguvu". Soma "baruti nyeusi". Sasa tuulize baruti nyeusi ilibakije huku.

Kutoka Zanzibar hadi Ziwa Tanganyika

Bunduki ziliingia bara kwa njia zile zile zilizopitisha pembe na watumwa: Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Stanley alipopita kusini mwa Uha mwezi Novemba 1871 akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, watawala wa Waha walimtoza hongo ya vitambaa mara kwa mara, mpaka akaamua kutoroka usiku kupitia porini. Msafara wake ulikuwa na bunduki chache za kisasa kwa ajili yake na wasaidizi wake, na bunduki 24 za gumegume kwa askari wa msafara. Mgawanyo huo, wa kisasa kwa wachache na gumegume kwa wengi, ni picha ndogo ya mambo yaliyokuja baadaye.

Wakati huo huo Mirambo wa Urambo na rugaruga wake walikuwa wanapigana na Waarabu wa Unyanyembe na kuifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji. Bunduki ilikuwa siasa, biashara na chakula kwa pamoja.

Na kwa nini zilikuwa nyingi? Kwa sababu Ulaya ilikuwa inazitupa. Miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya huko yalihamia kwenye bunduki za kujaza risasi kwa nyuma, na magobore ya zamani yakauzwa kwa bei ya kutupa, pamoja na mengine yaliyotengenezwa kwa ajili ya biashara ya Afrika katika miji ya Birmingham na Liège. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinapita bandarini humo kila mwaka kwenda bara.

Muhimu ni hili: mwishoni mwa miaka ya 1880 bunduki za kisasa nazo zilianza kushuka kwenye jahazi hizo hizo. Wafanyabiashara na watawala wa bara walizijua, walizitaka, na walikuwa na pembe za kuzilipia. Soko lingeachwa lifuate mkondo wake, gobore lingeweza kufa huku kama lilivyokufa Ulaya.

Mstari uliochorwa Brussels

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels, Ubelgiji, yalitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na vifungu kuhusu silaha. Katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, ilikatazwa kuingiza bunduki zenye mifuo na bunduki zote za kisasa pamoja na risasi zake, isipokuwa kwa majeshi ya serikali na kwa watu binafsi wenye kibali maalumu. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa wenyeji, kwa usimamizi, kilikuwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo, na baruti ya kawaida. Baruti nyeusi.

Nyanda za Kasulu na Kibondo ziko kwenye nyuzi 4 hivi kusini, katikati kabisa ya eneo hilo.

Mifuo ni michirizi inayozunguka ndani ya kasiba na kuifanya risasi izunguke kama pia, ili iende moja kwa moja bila kuyumba. Ukiisoma sheria hii kwa macho ya fizikia, utaona waandishi wake walijua vizuri walichokuwa wanakata. Walikata usahihi kwa kukataza mifuo. Walikata kasi kwa kuacha baruti nyeusi peke yake. Walikata wepesi wa kupakia kwa kukataza risasi za ganda. Sababu iliyotajwa ilikuwa kuwanyima silaha wafanyabiashara wa watumwa, na biashara hiyo kweli ilitumia bunduki. Lakini matokeo ya pili yalikuwa dhahiri: ndani ya miaka ile ile ambayo Ujerumani na Uingereza zilikuwa zinagawana nchi, mtu aliyetawaliwa alibakishiwa bunduki ya karne ya 18 na mtawala akabaki na ya kesho.

Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann akatoa amri ya kwanza ya jumla ya wanyamapori katika Afrika Mashariki ya Kijerumani: uwindaji wa wanyama wakubwa ukataka leseni ya kulipia. Kuanzia hapo kukawa na wawindaji wa aina mbili. Mmoja ana bunduki ya mifuo na karatasi. Mwingine ana gobore na hana karatasi.

Hata upande wa mtawala, si wote walipata kilicho bora. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, makampuni mengi ya askari wa Kiafrika katika jeshi la Wajerumani bado yalikuwa na Mauser za 1871. Kila askari alipofyatua, wingu jeupe lilimwonyesha adui mahali alipolala. Baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, ambapo kikosi cha watu kama 1,000 kiliwarudisha baharini wanajeshi wa Uingereza na India wapatao 8,000, moja ya nyara zilizothaminiwa sana ilikuwa bunduki za kisasa na risasi 600,000 zilizoachwa ufukweni. Baruti isiyo na moshi ilikuwa kitu cha kufia.

Mwituni: kasi inamsaidia nini mwindaji?

Tuhame vitani, turudi porini. Mashariki mwa Kasulu na Kibondo ardhi inashuka kuelekea miombo na mabwawa ya Moyowosi na Malagarasi. Sehemu ya watu wa upande huo walihamishwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1930 na kukusanywa kwenye makazi ya pamoja kwa sababu ya malale, na pori likachukua nafasi yao. Mwaka 1981 Moyowosi likatangazwa pori la akiba, na mwaka 2000 ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi ikawa eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar. Kuna nyati, nyamera, nzohe wa kwenye mafunjo, na tembo.

Chukua risasi ya gobore, mpira wa madini ya risasi wenye kipenyo cha milimita 15. Uzito wake ni gramu 20. Chukua upande wa pili risasi ya .375 Holland & Holland iliyotolewa mwaka 1912, ambayo hadi leo ni kipimo cha chini kinachokubalika kwa nyati na tembo katika uwindaji wa leseni nchini. Kichwa chake kina gramu 19.4. Uzito ni karibu ule ule! Sasa tuone.

Nishati: mpira wa gobore kwa mita 300 kwa sekunde unabeba jouli 900. Ile .375 kwa mita 770 inabeba karibu jouli 5,750. Ni zaidi ya mara sita.

Kupenya: mpira ni mnene, kwa hiyo nyuma ya kila sentimita ya mraba ya uso wake kuna gramu 11 tu za kuusukuma ndani. Risasi ya .375 ni nyembamba na ndefu, nyuma ya kila sentimita ya mraba kuna gramu 27. Ni tofauti ya kupigilia kwa ngumi na kupigilia kwa msumari.

Kudondoka: hata tukisahau upinzani wa hewa, kwa mita 100 mpira wa gobore unashuka zaidi ya nusu mita kabla ya kufika. Ile .375 inashuka sentimita 8 hivi. Kwa hiyo mwenye gobore lazima asogee. Kwa mita 50 anashuka sentimita 14, hapo anaweza kujaribu. Na akishafyatua, moshi unamziba macho, na risasi ya pili iko mbali.

Ukiunganisha hayo matatu unapata kitu ambacho wahifadhi na wawindaji wote wanakiogopa: mnyama aliyejeruhiwa. Mpira unaishia begani kwa nyati. Hafi. Anaondoka na maumivu, anaweza kufa baada ya siku kadhaa mahali ambapo hakuna atakayekula hata kilo moja, au anamsubiri kichakani mtu wa kwanza atakayepita, ambaye huenda ni mama anayetafuta kuni. Gobore linaonekana silaha dogo lenye madhara madogo. Kwa mnyama mmoja mmoja, madhara yake ni makubwa kuliko ya bunduki kubwa inayoua papo hapo.

Hii haina maana kwamba kasi ndiyo kila kitu. Mskoti W.D.M. Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, na kwingineko mwanzoni mwa karne ya 20, aliua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7 yenye risasi ya gramu 11 na nishati ya jouli 2,700 hivi. Siri yake haikuwa kasi. Alijua umbile la kichwa cha tembo, alipiga ubongo, na risasi yake nyembamba na ngumu haikupinda njiani. (Kwamba tulimpoteza tembo kwa maelfu kwa ustadi wa aina hii ni hadithi nyingine, na haifurahishi.) Lakini Bell alihitaji kitu ambacho gobore haliwezi kukupa: risasi inayokwenda pale pale ulipoelekeza, kila mara. Hiyo ni kazi ya mifuo, ile ile iliyokatazwa Brussels.

Bomba refu si dawa

Ukoloni umekwisha, gobore limebaki. Wahunzi wa vijijini sehemu nyingi za magharibi mwa Tanzania wamejifunza kuyatengeneza kwa mabomba na vyuma vya magari. Vita vya Burundi na Kongo vilileta mpakani bunduki za aina nyingine, zikiwemo SMG, na wimbi la wakimbizi lililohitaji chakula. Shirika la TRAFFIC lililofuatilia biashara ya nyamapori kwenye kambi za Kasulu na Kibondo liliripoti mwaka 2008 kwamba nyama hiyo, iliyouzwa gizani, ilipewa jina la mchicha wa usiku. Mtu mwenye mgao wa nafaka na maharage mwaka mzima atatafuta kitoweo, na hilo linaeleweka hata kama pori linaumia.

Hapa fizikia inageuka suala la uhai. Mtu akiona gobore lake halifiki, anaweza kufanya mambo mawili. Anarefusha bomba, na Robins alishatuonyesha kwamba atapata kidogo sana. Au anaongeza baruti. Bomba la maji limetengenezwa kwa mgandamizo wa maji, na mara nyingi lina mshono uliounganishwa kwa urefu wake wote. Baruti ikiongezwa, mgandamizo unapanda sana pale nyuma, karibu na uso wa mfyatuaji, na mshono ndio unaoachia kwanza. Hakuna kiasi cha baruti kinacholigeuza bomba kuwa Mauser. Kinacholigeuza ni chuma kingine, baruti nyingine na risasi nyingine, yaani bunduki nyingine.

Pima kabla ya kuteketeza

Mara kwa mara serikali hutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, na magobore huwa mengi kwenye rundo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 iko wazi, na sina hoja ya kuitetea silaha haramu. Ziondoke.

Hoja yangu ni ndogo. Kabla rundo halijachomwa moto au kukatwakatwa, mtu mmoja akae nalo mchana mmoja na futi ya fundi na daftari. Aandike urefu wa kasiba, upana wa tundu, kama kuna mshono au hakuna, kama ni la gumegume au la fataki, kama kuna mhuri wa kiwanda au alama ya mhunzi. Havihitajiki vifaa vya maabara, na jina la mwenye bunduki halihitajiki.

Kwa nini ijalishe? Kwa sababu historia ya silaha ya nchi hii imeandikwa zaidi kutoka upande wa waliokuwa na Mauser. Upande wa pili haukuandika. Ulichoacha ni vyuma. Gobore la kiwandani lenye mhuri wa Liège linakwambia habari za jahazi na mkataba wa 1890. Gobore la bomba linakwambia kwamba mkataba ulikufa lakini mstari wake ulibaki, na kwamba mhunzi mmoja wa kijijini alijaribu kuuvuka kwa alichokuwa nacho. Urefu wa kila kasiba ni jibu la swali aliloulizwa mtu fulani: una baruti gani? Tukizichoma bila kuzipima, tutabaki na jibu lile la uvivu, kwamba babu zetu hawakujua kitu bora.